Nilichojifunza kwa Kufungua Mabomba ya Ofisi Tupu

Kila Ijumaa asubuhi nilipanda lifti hadi ghorofa ya 18, kisha nikashuka kwa ngazi, ghorofa baada ya ghorofa, nikifungua mabomba. Bomba la jikoni, mabomba ya vyooni, bafu dogo lililojengwa kwa ajili ya wanaokuja kazini na baiskeli. Dakika tano maji baridi, dakika tano maji ya moto, navuta vyoo vyote, naandika saa kwenye daftari, nashuka. Mimi ni msimamizi wa jengo la ofisi katikati ya jiji. Mwaka 2020 na 2021 kazi hiyo ndiyo iliyokula Ijumaa zangu, na mengi ninayoyajua leo kuhusu watu kufanyia kazi nyumbani niliyajua nikiwa nimesimama mbele ya sinki, nasikiliza maji.

Kabla ya hapo sikuwahi kufikiri kwamba maji ya jengo yanahitaji mtu wa kuyaendesha. Watu walikuwa wanayaendesha wenyewe bila kujua: wananawa mikono, wanasuuza vikombe, wanavuta choo. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilipotangaza kwamba korona ni janga la dunia nzima, wapangaji wetu waliondoka ndani ya siku chache, wengine wamekumbatia skrini za kompyuta huku nyaya zikiburuzika sakafuni. Nilidhani nimepata mapumziko. Wiki ya nne mlinzi akanipigia simu kwamba ghorofa ya 14 inanuka mtaro. Nilitafuta bomba lililopasuka, sikuliona. Kumbe ile kona ya bomba iliyo chini ya kila sinki, inayohifadhi maji kidogo ili hewa chafu isipande juu, ilikuwa imekauka. Hakuna kilichoharibika. Hapakuwa na mtu wa kunawa mikono, basi.

Harufu ilikuwa jambo dogo. Maji yakilala kwenye mabomba wiki nyingi, klorini huishiwa nguvu, na kwenye uvuguvugu huota bakteria aitwaye Legionella, yule aliyekuja kutambuliwa baada ya watu waliohudhuria mkutano mmoja hotelini Philadelphia kuugua na kufa mwaka 1976. Mtu humvuta pamoja na manyunyu madogo ya bafu au bomba. Agosti 2020 hata CDC, taasisi ya Marekani inayowafundisha wengine namna ya kuukinga ugonjwa huo, ilifunga baadhi ya ofisi ilizopanga huko Atlanta baada ya bakteria huyo kukutwa kwenye maji. Usiku niliosoma habari ile sikulala vizuri. Kesho yake nikafungua daftari la mabomba.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba jengo la ofisi halijui kusubiri. Mameneja walilizungumzia kama kabati: vitu vimetolewa, mlango umefungwa, siku moja vitarudishwa. Lakini pampu ya zimamoto lazima ijaribiwe, lifti zizungushwe, hewa ipitishwe ili unyevu usizae ukungu kwenye dari, iwe ndani kuna watu mia tisa au yuko mmoja. Mitambo ya kupozea hewa ilipimwa kwa ghorofa zilizojaa, na haina njia ya kupoza kona moja tu alipokaa mhasibu peke yake. Mtu wa kwanza kurudi ofisini ndiye aliyetugharimu kuliko wote.

Kitu cha pili kilichonifunza kilikuwa ukimya wa mahesabu. Ungetegemea mwenye jengo apige kelele mwezi wa kwanza. Hakupiga. Mikataba ya ofisi hufungwa kwa miaka mitano, kumi, hata zaidi, na kampuni hulipa pango iwe inatumia viti vyake au haitumii. Mwaka 2020 pango likaingia. 2021 likaingia. Jengo lilikuwa tupu na vitabu vyake vimejaa. Nilikuwa nikitoka kwenye mkutano nilikosikia kwamba hali ni shwari, naingia ghorofa ambayo kalenda ya ukutani bado inaonyesha Machi, na najua kabisa kwamba mojawapo ya mambo hayo mawili halitadumu.

Halikudumu. Mikataba ilianza kufika mwisho mmoja mmoja. Mpangaji wetu mkubwa, aliyeshika ghorofa nne, alibaki na moja na nusu. Mwingine akahamia jengo jipya mtaa wa pili, lenye madirisha makubwa na hewa safi zaidi, kwa sababu ukipunguza nafasi kwa nusu unaweza kumudu iliyo bora. Hili halisemwi vya kutosha. Watu wanasema ofisi zimekufa, lakini majengo mapya na mazuri yanajaa, na yanayoumia ni makuukuu ya rika la jengo letu. Huko San Francisco, ambako mwaka 2019 nafasi tupu za ofisi zilikuwa chache mno, miaka mitano baadaye zaidi ya 30% ya nafasi zilikuwa hazina mpangaji. Na hapo katikati riba zikapanda. Mwenye jengo aliyekopa wakati mkopo ulikuwa rahisi akajikuta anatakiwa kukopa upya kwa bei nyingine, dhamana yake ikiwa jengo lenye thamani ndogo kuliko mwanzo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nililikosea, na ambalo bado linanichoma.

Watu walianza kurudi mwaka 2022, lakini hawakurudi kama walivyoondoka. Jumanne, Jumatano na Alhamisi foleni ya lifti ilitoka nje ya mlango mkuu. Jumatatu walikuja wachache. Ijumaa ningeweza kuwasalimia wote kwa majina na nikamaliza kabla ya chai ya saa nne. Mlangoni tuna mashine ya kadi, na kila mwisho wa mwezi mfumo hutoa ripoti. Ripoti ilikuwa na namba moja kubwa juu ya ukurasa: wastani wa mahudhurio. Wastani ule ulikaa karibu na nusu ya zamani.

Hatukuwa peke yetu. Kampuni ya Marekani iitwayo Kastle Systems, inayosimamia kadi za milango ya majengo, ilikuwa ikitoa hesabu kama hiyo kila wiki kwa miji kumi mikubwa ya nchi hiyo, na tangu mwanzoni mwa 2023 wastani wake ulizunguka hapo hapo kwenye nusu. Magazeti yakaichukua namba hiyo na kuitangaza. Mabosi wangu nao wakaichukua. Niliitwa, nikaonyeshwa ripoti, nikaambiwa: watu ni nusu, kwa hiyo usafi uwe nusu. Walikuwepo wafanya usafi 12. Niliweka saini wabaki sita.

Niliona mantiki yake. Sita ni nusu ya 12. Sikukaa nikajiuliza nusu ya nini.

Mmoja wa walioondolewa alikuwa mama aliyefanya zamu ya usiku kwenye jengo letu kwa miaka 11, tangu kabla mimi sijaajiriwa. Alikuja ofisini kwangu kurudisha funguo. Hakulia wala hakugomba. Aliweka funguo mezani, akasema, "Baba, watu wamepungua sawa. Vyoo havijapungua."

Nikamjibu kitu kuhusu bajeti. Akaitikia kwa heshima, akaenda zake.

Wiki haikuisha kabla sijaona alichokuwa anasema. Jumatano jengo lilijaa karibu kama zamani, na watu sita wakalazimika kufanya kazi ya 12 hadi usiku wa manane. Ijumaa walikuwa sita kwenye jengo tupu, lakini ghorofa zilikuwa zile zile 18, masinki yale yale, korido za urefu ule ule. Hapakuwa na siku hata moja katika wiki ambayo jengo lilikuwa na nusu ya watu. Kulikuwa na siku zilizojaa na siku tupu. Ile nusu ilikuwa kwenye karatasi tu, na mimi nilikuwa nimewafukuza kazi watu wazima wenye familia kwa kuifuata.

Tangu hapo nikisoma habari za ofisi natafuta siku, siangalii wastani. Hata kwenye zile hesabu za Kastle, ukizichambua kwa siku, unakuta Jumanne inapanda hadi kwenye 60% na Ijumaa inashuka hadi thelathini na kitu. Hapo ndipo penye ugumu wote. Kampuni ikikodi nafasi kwa kufuata wastani, Jumatano watu watakosa viti. Ikikodi kwa kufuata Jumatano, Ijumaa inalipia jangwa. Benki ya HSBC ilitangaza mwaka 2023 kwamba itaacha jengo lake la ghorofa 45 huko Canary Wharf, London, na kuhamia mahali padogo zaidi karibu na kanisa la St Paul's. Mwaka 2025 ikaonekana makao hayo mapya hayatawatosha, na benki ikachukua nafasi kwenye jengo jingine huko huko Canary Wharf. Wale ni watu wenye wataalamu wa kila aina. Kama wao walibanwa na hesabu hii, naamini wako wengi wanaoendelea kubanwa kimya kimya.

Kwa wapangaji wetu wa ghorofa ya chini hapakuwa na nafasi ya kukosea mara mbili. Tulikuwa na mwenye mgahawa, fundi viatu, na kijana wa duka la fotokopi na kujalidi. Pango lao linahesabiwa kwa siku zote za mwezi, wateja wao wanakuja siku tatu. Fundi viatu aliondoka wa kwanza, kwa sababu mtu anayekaa nyumbani siku mbili au zaidi kila wiki soli za viatu vyake haziishi. Kijana wa fotokopi alijaribu kufungua siku tatu tu na kwingine afanye kibarua, ila mikataba haikumruhusu kulipia siku tatu. Mwenye mgahawa bado yupo. Ameniambia Jumatano anauza mpaka anawarudisha watu na Ijumaa anatupa chakula, na kwamba kinachomuumiza zaidi ni kushindwa kumwajiri mtu kwa mwezi mzima wakati anamhitaji siku tatu.

Usafiri nao umeumia namna hiyo hiyo. Reli ya BART ya eneo la San Francisco, ambayo kabla ya janga sehemu kubwa ya gharama zake ililipwa na nauli, miaka kadhaa baadaye abiria wake wa siku za kazi walikuwa bado chini ya nusu ya wale wa 2019. Treni haiwezi kukatwa nusu. Reli ni ile ile, dereva ni yule yule, na anayesafiri asubuhi kwenda kusafisha hospitali anaihitaji Ijumaa kama anavyoihitaji Jumanne.

Nisieleweke vibaya. Simlaumu anayefanyia kazi nyumbani. Mhasibu mmoja wa ghorofa ya 9 ana mtoto mgonjwa, na miaka yote niliyomfahamu alikuwa anaingia amechelewa, uso umemkauka kwa kukosa usingizi. Siku hizi anakuja mara mbili kwa wiki na anacheka. Huyo nani atamrudisha nyuma? Na ushahidi upo upande wake. Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walichapisha mwaka 2024 utafiti uliofanyika kwa wafanyakazi 1,612 wa kampuni ya Trip.com huko China. Waliopewa siku mbili za nyumbani kila wiki walifanya kazi vizuri sawa na wenzao, na walioacha kazi wakapungua kwa theluthi moja. Mwajiri aliyeyaona hayo hatarudi kwenye siku tano kwa sababu fundi viatu amefunga. Wazo lenyewe wala si jipya. Jack Nilles alikuwa akilifanyia utafiti huko California mwaka 1973, akitafuta njia ya kupunguza magari barabarani. Kilichokosekana kilikuwa intaneti ya kutosha na sababu ya kuwalazimisha watu wajaribu.

Bloom na mwenzake Arjun Ramani waliita kinachotokea mijini "donati": katikati panatoboka, kandokando panavimba. Ni picha sahihi, na inatukumbusha kwamba fedha haikupotea, imehama. Mtu ambaye hali tena katikati ya jiji anakula karibu na kwake. Lakini mama wa usafi wa zamu ya usiku hakuhama pamoja na fedha hiyo. Nyumbani kwa mhasibu hakuna ghorofa 18 za kusafisha.

Mwaka 2023 mwenye jengo alileta wahandisi kuangalia kama tungeweza kugeuza ghorofa za juu kuwa makazi. Nilifurahi sana. Niliwaza kwamba penye watu wanaolala hapahitaji mtu wa kufungulia maji. Nilitembea nao siku nzima nikibeba ngazi na ufunguo wa dari, na jioni furaha yangu ilikuwa imepungua.

Ghorofa ya ofisi ni pana. Kutoka dirishani hadi katikati palipo na lifti kwetu ni hatua nyingi, na katikati hapo mchana ni giza bila taa. Mtu anaweza kufanya kazi chini ya taa, ila chumba cha kulala kinataka dirisha. Madirisha yetu hayafunguki. Yalifungwa moja kwa moja ili mitambo ya hewa ifanye kazi yake. Vyoo vyote vimerundikwa sehemu moja, wakati kila nyumba inataka choo chake, jiko lake na bomba lake la maji machafu, maana yake ni kutoboa zege la kila ghorofa mara nyingi. Mhandisi mmoja alinieleza kwa subira kuhusu jengo la 25 Water Street huko New York, lililokuwa la ofisi tangu miaka ya 1960. Ili kulifanya makazi ya nyumba zipatazo 1,300, walilazimika kuchimba mashimo mawili makubwa ya mwanga kutoka juu hadi chini, wakaongeza ghorofa kumi juu ili kufidia nafasi iliyopotea. Inawezekana, alisema, kama soko la nyumba ni kali na serikali inasaidia. Eneo hilo la kusini mwa Manhattan lilianza kusaidiwa kwa nafuu ya kodi tangu mpango wa 1995, robo karne kabla ya korona, na ndiyo sababu leo watu wengi wanaishi hapo penye mabenki.

Kwa jengo letu hesabu haikukubali. Ripoti yao iko kwenye droo yangu.

Ninachoamini, na nimeshakisema kwenye kila kikao wanachonialika, ni kwamba tunapoteza muda kusubiri mageuzi makubwa. Jengo lilipangwa kwa ajili ya aina moja ya watu na saa zile zile tisa, na hilo ndilo lililotuponza. Watu hao walipobadilisha ratiba, hatukuwa na wengine. Hauhitaji kutoboa zege ili kuleta watu wa saa nyingine. Unahitaji mkataba unaokubali mtu wa jioni, mtu wa Jumamosi, mtu anayekodi kwa mwaka mmoja kwanza. Mwenye jengo aliogopa mikataba mifupi kwa sababu benki yake inapenda mirefu. Tulibishana zaidi ya mwaka. Mwishowe ghorofa ya pili, iliyokaa bure tangu mpangaji wake aondoke, ikapewa chuo kinachofundisha jioni na mwisho wa wiki. Wanafunzi wengi wanatoka kazini, wanaingia saa kumi na moja na nusu, wanatoka saa tatu usiku.

Mwenye mgahawa sasa anafunga saa tatu badala ya saa kumi jioni. Ijumaa kwake bado ni mbaya mchana, ila jioni ana watu. Mlinzi wa usiku ameniambia kitu ambacho sikukifikiria: zamani akitoka kuzunguka jengo saa mbili usiku alitembea haraka, siku hizi anatembea polepole kwa sababu mtaa una watu. Kwenye daftari la mabomba nimeifuta ghorofa ya pili. Bado nazipitia nyingine sita.

Chuo kilipotaka mtu wa usafi wa jioni nilimtafuta yule mama. Nilikuwa na namba yake kwenye karatasi ile ile aliyosaini kurudisha funguo. Nilianza kwa kumwomba radhi, nikamwambia kwamba aliniambia ukweli mezani kwangu na sikumsikiliza. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza ghorofa ina vyoo vingapi, darasa linatoka saa ngapi, na mkataba unahesabu nini.

Nilimwuliza ana maana gani. Akasema hatarudi kwenye mkataba unaohesabu watu walioingia. Anataka mkataba unaohesabu siku na ghorofa, na wawe wawili, kwa sababu mtu mmoja hawezi kusogeza meza za darasa peke yake usiku.

La wawili nimelipata. La mkataba limefika mezani kwa mwenye jengo, na Jumatano wiki hii nimeomba nafasi ya kuingia nalo tena, safari hii nikiwa na ripoti ya kadi niliyoichapisha siku kwa siku, bila wastani.